Ukoo wa Mekyufa

Mlango wa chumba changu cha ushonaji pale Troyeville niliuandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: FUNDI. Neno moja tu, kwa sababu rangi iliniishia. Nilikusudia kuongeza "wa nguo za kike na za kiume", kisha nikaona aah, mwenye macho ataiona cherehani. Sikujua kwamba Wazungu wa Afrika Kusini nao wanalo neno hilo hilo, na kwao fundi si mtu wa sindano wala nyundo. Kwao fundi ni mjuzi, mtu aliyebobea katika jambo, unayemwendea na swali lililokushinda. Kwa sababu ya kopo la rangi kuisha ndiyo nikampata yule bibi.

Ilikuwa mwaka 2018, katikati ya baridi, ile baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo. Siku hiyo nilikuwa nimefura. Mteja mmoja alikuwa ametoka kunirudishia gauni la kitenge akidai nimelikata vibaya, linambana. Nikamwambia gauni halijapungua hata uzi mmoja, aliyeongezeka ni yeye. Akaubamiza mlango. Shoga yangu msusi, Mkongo wa Bukavu tuliyegawana chumba, mimi upande wa dirishani na cherehani yangu, yeye upande wa ndani na vioo vyake, alikuwa anacheka mpaka kitana kinamponyoka.

"Weye utabakia bila wateja," akaniambia.

"Wabaki na vitambi vyao!"

Ndipo mlango ukafunguliwa tena, taratibu. Akaingia bibi wa Kizungu, mrefu, mkavu, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, mkononi mfuko wa plastiki wa dukani. Umri wake, baadaye aliniambia, ulikuwa umepita themanini na tano.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, gogo." Gogo ndivyo tunavyowaita bibi zetu kule, tumelichukua kwa Wazulu, na yeye alilipokea bila kushtuka.

"Fundi wa nini?"

"Wa nguo. Unaona meli hapa?"

Akacheka. Nilimpenda hapo hapo, maana Wazungu wengi nikiwajibu hivyo hutafuta mlango. Akasema mlango umeandikwa fundi tu, alidhani labda ni mtu anayejua mambo. Nikamwambia mambo nayajua pia, aulize. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania, Tanga. Akavuta kiti cha wateja bila kukaribishwa, akaketi, akanitazama kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

"Basi labda wewe utanisaidia. Unaufahamu ukoo wa Mekyufa?"

Nikafikiri. Kwetu nawajua watu wengi, lakini Mekyufa? Nikamwambia halisikiki kuwa jina la Kitanga. Msusi akadakia kutoka kule kwenye vioo, kwamba pengine ni watu wa Lubumbashi, huko majina ni ya kila namna. Bibi akatikisa kichwa. Alisema amewauliza Watanzania, amewauliza Wakenya, walinzi kwenye maduka, wauza mboga, mara moja hata daktari mmoja hospitalini aliyetoka Mombasa. Hakuna aliyewahi kuusikia ukoo huo. Na muda ulikuwa umemwishia, kwa sababu nyumba yake ya Bezuidenhout Valley ilikuwa imeshauzwa na mwisho wa mwezi mtoto wa kaka wa marehemu mumewe atampeleka nyumba ya wazee huko Randburg.

"Sitaki kuingia mle kabla sijampata dada yangu," akasema.

Jamani. Nikazima cherehani.

Kwenye mfuko mlikuwa na koti la jeshi la rangi ya kaki, limechakaa, bitana imechanika kwapani na vifungo viwili vimening'inia. La baba yake. Alitaka nilitengeneze vizuri, kwa sababu alikusudia kumpa dada yake huyo au watoto wake, pamoja na kitu kingine ambacho hakunionyesha siku hiyo. Nikalishika lile koti. Kitambaa kizito, mshono wa zamani, mzuri hasa, wa mtu aliyeiheshimu kazi yake. Nikamwuliza baba alikuwa askari wa nini.

"Wa farasi. Kikosi cha farasi cha Muungano."

Nikacheka mimi. Muungano kwetu ni wa Tanganyika na Zanzibar, na haujawahi kuwa na farasi. Akanieleza kwamba zamani nchi yao yote iliitwa Muungano wa Afrika Kusini, na ile vita ya kwanza ya Mwingereza na Mjerumani ilipochacha, Muungano ule ulipeleka vikosi vyake vya farasi kupigana na Mjerumani. Nikamwuliza wapi. Akanitazama tena.

"Kwenu."

Basi nikamtengenezea chai ya tangawizi, naye akanisimulia, na mimi niliyezaliwa katika nchi yenyewe nikawa naisikia habari ya farasi hao kwa mara ya kwanza. Baba yake alikuwa karani kijana hapa hapa Johannesburg. Walipanda treni mpaka Durban, watu na farasi, wakaingizwa melini, wakashushwa Kilindini, Mombasa. Farasi walikuwa wamefungiwa chini siku zote zile, waliposhushwa walisahau kutembea. Halafu Voi, Taveta, Moshi. Vijana wa mjini, wamevaa kofia pana, wanajiona mabwana wa dunia. Kisha wakaambiwa waelekee Kondoa, na masika yakawa yameanza.

"Kondoa wakati wa masika?" nikamaka. "Kwa farasi? Nani aliwashauri?"

"Jenerali," akasema.

Kila mtoto wa kwetu anajua mbung'o anaua ng'ombe. Hatukuhitaji jenerali. Wale walipita na farasi wao katikati ya pori la mbung'o, mvua juu, tope chini. Farasi mmoja anadondoka asubuhi, watano mchana. Baba alimwambia kwamba usingizi uliwapotea kwa sababu ya farasi waliokuwa wanapumua vibaya. Wakafika mahali kikosi cha farasi hakina farasi. Na amri ilisema matandiko ni mali ya mfalme, hayatupwi. Basi askari wa farasi wakatembea kwa miguu, buti zimeoza, kila mmoja tandiko la farasi wake kichwani.

Nilijaribu kuwaona: foleni ya wanaume wazima, tope magotini, kila mmoja amebeba kile kilichopaswa kumbeba. Wallahi! Nimetoka Tanga mpaka huku kwa mabasi, nimelala mipakani, nikadhani mimi ndiye msafiri.

"Na dada yako yumo wapi humo?" nikamwuliza.

Hapo akashusha sauti. Baba yake alirudi na homa iliyokuwa ikimrudia kila mwaka. Alichelewa kuoa, na huyu bibi ndiye mtoto wake pekee. Kila homa ikimshika, baba alikuwa anaita jina moja. Mekyufa. Mekyufa. Usiku mzima. Mama yake, mwanamke mwenye wivu, aliketi pembeni na kitambaa cha maji, anamsikiliza mumewe anamlilia mwanamke wa Kiafrika. Hakumwuliza hata siku moja. Alinuna tu, akanuna miaka thelathini, akaingia kaburini amenuna. Wanasema lisemwalo lipo, na mama yule aliamini lipo. Lakini mtoto, aliyekua peke yake katika nyumba ya watu wawili wasiozungumza, alilipokea lile jina kwa namna yake. Kama kuna mwanamke, labda kuna mtoto. Alianza kumngojea dada akiwa na miaka saba. Alimwekea nusu ya kitanda.

Alisema hivyo akinywa chai, bila chozi. Mimi ndiye niliyejifuta kwa kipande cha bitana.

Wiki iliyofuata alirudi kuchukua koti, na kwa kuwa tulishazoeana, akaja na hicho kitu kingine. Daftari nene la jalada jeusi, limeviringishwa katika mfuko wa mkate. Pamoja nalo karatasi kubwa ya kahawia, imekunjwa mara nyingi, ambayo aliitandaza juu ya meza yangu ya kukatia. Daftari, alisema, baba aliandika huko huko vitani. Farasi walipokwisha, yeye kwa ukarani wake alipewa kazi ya kusimamia wapagazi, watu weusi waliobeba mizigo ya jeshi. Ndani ya daftari aliandika majina ya jamaa za Mekyufa. Wengi sana. Na ile karatasi ya kahawia ni mti wa ukoo alioutengeneza yeye mwenyewe kwa miaka arobaini, akilifuata lile daftari.

"Kuna koo mbili," akanifafanulia, kidole kinatembea juu ya karatasi. "Mwanzoni karibu wote ni wa ukoo mwingine. Halafu mmoja mmoja wanahamia kwa Mekyufa. Nadhani ni kwa kuoa. Ila nimegundua jambo moja, fundi. Aliyeingia kwa Mekyufa harudi tena kwenye ukoo wake wa kwanza. Hata mmoja. Lazima ulikuwa ukoo wenye nguvu sana."

Nikainama nisome. Wewe unayejua Kiswahili pengine umeshaling'amua zamani. Mimi sikuling'amua, kwa sababu nililisikia tu, katika ulimi wa Kiingereza, kama walivyolisikia walinzi na wauza mboga na yule daktari. Sasa nikaliona limeandikwa, kwa penseli, mwandiko mzuri wa karani. Jina la mtu, kisha Yupo. Jina la mtu, kisha Yupo. Jina la mtu, kisha Mekufa.

Mekufa. Amekufa. Ile "a" ya mbele imemezwa, kama wanavyoimeza watu wa kwetu wakisema haraka.

La haula! Nikashika ukingo wa meza. Mbele yangu bibi wa watu ametandaza karatasi aliyoichora miaka arobaini, mishale ya wino wa buluu, miduara, alama za ndoa, na ndoa zote zile zilikuwa vifo. Alikuwa ananitazama usoni, akingoja.

Nikamdanganya. Nilisema mwandiko ni wa zamani, umefifia, aniachie siku mbili nilisome vizuri. Akaniamini, akanishika mkono, akaenda zake pole pole kuelekea kwenye robot, ndivyo wanavyoziita kule taa za barabarani, akangoja taa ya kijani kama mtoto wa shule.

"Nini sasa?" msusi akauliza. Alikuwa anamsuka mtu, akamwacha na nusu ya kichwa. Nikamwonyesha. Yeye husoma Kiswahili kwa shida, shule alisoma kwa Kifaransa, lakini hilo alilisoma. Akajifanyia ishara ya msalaba.

"Usimuambie," akasema.

"Nisimwambie vipi?"

"Ule mama ako na miaka ngapi ya kubakia? Umuachie dada yake. Sema ukoo uko, sema walihama, wako mbali. Juu ya nini unataka kumuliza machozi mutu mukubwa?"

Nikawaka. Nilimwambia yeye kazi yake ni kubandika nywele zisizo za mtu na kusema zimeota, ndiyo maana anaona uongo ni kitu chepesi. Maneno mabaya, na mbele ya mteja. Akarudi kwenye kichwa chake cha nusu, na siku ile nzima redio yake ikaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu kupita kiasi.

Nyumbani nikalisoma lile daftari lote. Kurasa za kwanza ni farasi, kwa Kiingereza: rangi ya farasi, alama yake, amekufa kwa mbung'o, amekufa kwa homa, amepigwa risasi kwa huruma. Halafu farasi wanakwisha na watu wanaanza. Kila jioni aliandika upya orodha yote. Nilielewa ilivyokuwa, kama vile nimesimama pale. Mzungu na penseli yake anaita majina, na nyapara, msimamizi wa wapagazi, anajibu. Yupo, bwana. Yupo, bwana. Mekufa, bwana. Huyu kijana wa Johannesburg, mwanzoni asiyejua neno, anaandika anachosikia.

Majina yenyewe sitayaandika hapa, si yangu kuyatoa. Ila niseme yalinishangaza. Shuleni tulifundishwa vita hivyo kwa majina ya majenerali wawili watatu. Wapagazi tuliambiwa walikuwepo, walikuwa wengi, walikufa, basi, na Dar es Salaam wakatuachia jina la Kariakoo. Sikuwahi kuona mpagazi mwenye jina lake. Na hapa, katika mfuko wa mkate, walikuwa wamekaa wamepangwa, jina na jina la baba, kila mtu mstari wake, kila siku ya uhai wake imetiwa Yupo mpaka ile siku. Mwandiko haukuharibika. Mahali pengine karatasi ilikuwa imelowa na kukauka, na juu ya baka lile la tope ameandika tena, kwa herufi zile zile, hakufupisha hata jina moja. Mtu ana njaa, ana homa, farasi wake amekufa, na anaandika jina kamili la mtu ambaye jeshi halikumwuliza hata anatoka wapi. Nililia kwa heshima niliyomwonea tu, si kwa huzuni. Sikujua kama mtu aweza kulia hivyo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na baba aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita. Hatukuwahi kujua aliyemchukua ni Mjerumani au Mwingereza. Alikwenda kisimani, hakurudi. Nilimtafuta. Nilipita kila ukurasa mara nne. Hayumo. Nilikasirika kana kwamba yule karani amemruka makusudi, kisha nikajiona mjinga, maana wapagazi walikuwa wengi kuliko madaftari.

Lakini hasira hiyo ilinipa jibu langu. Bibi yangu alikaa maisha yake yote anangoja mtu aje amwambie neno moja, yupo au amekufa, angepata hata pa kusomea hitima. Hakuna aliyekuja. Na mimi ninalo neno mkononi, nimfiche mtu? Asubuhi nikamwomba msusi radhi. Akaninunia mpaka saa nne, kisha akasema sawa, lakini kama nitamliza yule mama, nimlize amekaa, na chai iwepo.

Alikuja siku ya tatu, amevaa shanga shingoni. Amejipamba, jamani, kwa ajili ya habari za dada yake. Msusi akafunga mlango na kugeuza kibao. Nikamkalisha, nikamwekea chai, nikafungua ukurasa wa kwanza wa watu.

"Gogo, haya si majina ya koo," nikasema. "Ni Kiswahili. Hili la kwanza, Yupo, maana yake mtu huyo yuko hapa. Mwalimu akiita jina darasani, unajibiwa hivyo."

Akalitazama. Akatabasamu kidogo, kama mtu anayesahihishwa jambo dogo. Nikaona anaanza kupima, na nikaharakisha, kwa uoga, nikarukia neno jingine lililotokea mara chache. Metoroka. Yeye aliliweka kwenye karatasi yake kama jina la mji waliohamia baadhi yao.

"Hilo nalo ni ametoroka. Amekimbia. Amewaachia mizigo yenu akaenda kwao."

Akapasuka kicheko, na mimi pia, na msusi. Alihesabu kwa kidole wote wa Metoroka. "Wamekimbia! Na baba aliwaandikia tu?" Nikamwambia aliwaandikia tu, hakuna adhabu iliyoandikwa, na mmoja pembeni yake amewekewa alama ndogo ya penseli kama ya kufurahia. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu kicheko kikaisha, na kidole chake, ambacho kilikuwa bado kwenye karatasi, kikasogea chenyewe mpaka kwenye neno la tatu.

Hakuniuliza. Bibi yule alikuwa na akili kuliko mimi na msusi tukichanganywa. Alilitazama Mekufa la kwanza, la pili, akafungua ukurasa, akafungua mwingine, kwa haraka, na nikaona uso wake unavyoelewa. Kuhamia. Kutorudi. Ukoo wenye nguvu sana.

"Wamekufa," akasema.

"Amekufa. Mmoja mmoja. Ndiyo."

"Wote hawa."

"Wote hao, gogo."

Chai ikapoa. Nje kijana wa spaza, kiduka cha jirani, alikuwa anashusha kreti za mkate, tukasikia kila kreti. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Hakuna."

"Wala dada."

Nikatikisa kichwa. Msusi alikuwa amempigia magoti karibu na kiti, amemshika kifundo cha mguu, na alikuwa analia waziwazi kwa niaba yetu sote.

"Watu wote hawa," gogo akasema, "na mimi nilikuwa namtafuta mmoja."

Alikunja ile karatasi ya kahawia, mikunjo yake ile ile, akaiweka chini ya kiti. Sijui kwa nini nilifanya nililofanya. Nadhani ni kwa sababu kwetu huwezi kumtaja maiti ukamwacha hivi hivi. Nilimwambia, gogo, tangu baba yako, hakuna aliyewaita hawa. Wewe na mimi tuwaite. Mimi nitasoma jina, wewe ujibu lililoandikwa. Akasema hawezi kulitamka. Nikamfundisha. Me-ku-fa. Si kyu. Ku. Akajaribu mara tatu, ya tatu ikatoka safi, kama ya mtu wa Pangani.

Tukasoma kurasa za mwisho, zile zenye orodha ya jioni ya mwisho. Mimi jina, yeye jibu. Mekufa. Mekufa. Mimi kila jina namsomea Innalillahi moyoni, msusi naye ana yake, midomo inamchezacheza. Mara chache sana ikaja Yupo, na gogo alipoisema sauti yake ilipanda. Mekufa. Mekufa. Nyapara mwenyewe, mekufa, na mwandiko wa neno hilo ulikuwa umekandamizwa mpaka penseli imetoboa karatasi. Tulikwenda hivyo karibu nusu saa, na sijawahi kusikia kitu kikubwa namna ile katika chumba kidogo namna ile.

Jina la chini kabisa lilikuwa la baba yake. Karani alikuwa amejiita na kujijibu mwenyewe: Yupo. Nililisoma kwa sauti ile ile niliyosomea mengine, nikangoja.

Gogo akashika shanga zake.

"Siku anakufa nilikuwa nimemshika mkono," akasema. "Homa ilikuwa imepanda, anaita vile vile. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nikamwinamia sikioni nikamwuliza, Baba, Mekufa yuko wapi? Niambie, nimwandikie barua, aje."

Alilitamka sawasawa.

"Akafumbua macho akanitazama muda mrefu sana. Kisha akageukia ukutani. Na mimi nikadhani ni aibu."